Sheria Ilipoanza Kutungwa

Kwa Kiswahili sheria hutungwa, kama shairi litungwavyo. Mfaransa wa karne ya 13 angeustaajabia usemi huu. Kwake yeye sheria hasa ilikuwa ni ada: ilikuwako tangu zama za mababu, na kazi ya mfalme ilikuwa kuilinda na kuhukumu kwayo. Palipotokea shaka juu ya urithi au mpaka wa shamba, hakimu aliweza kuwaita watu wa mahali hapo, wasiopungua kumi. Wakishauriana faraghani, kisha mmoja wao akasema kwa niaba ya wote ada yao ni ipi. Sheria ilikuwa ikiulizwa, haitungwi.

Vitabu vingi hupenda kuianzisha habari ya enzi ya dola katika mwaka 1648, kwa mikataba ya Münster na Osnabrück. Mimi naona huko ni kuchelewa mno. Mwaka 1454 mfalme Charles VII aliamuru ada za majimbo ya Ufaransa ziandikwe. Amri ya makarani, mtu atasema. Lakini ada iliyo kinywani mwa wazee ni ya wazee. Ikishaandikwa, ikasahihishwa na kutangazwa kwa idhini ya mfalme, ni ya nani? Ada ya Paris ilitangazwa mwaka 1510, na mwaka 1580 ikarekebishwa.

Baina ya miaka hiyo miwili Wafaransa walichinjana kwa sababu ya dini. Miaka minne baada ya mauaji ya Agosti 1572, mwanasheria Jean Bodin alitoa kitabu chake kikubwa juu ya dola. Humo anasema kwamba alama ya kwanza ya mwenye enzi ni uwezo wa kuwapa watu sheria, wote kwa jumla na kila mmoja peke yake, pasi na kuhitaji ridhaa ya mwingine. Hata ada, kwa maoni yake, husimama kwa kuwa mwenye enzi ameiachia isimame. Wale watu kumi hawana tena neno.

Mwaka 1586 alikifasiri mwenyewe kwa Kilatini, na pale penye enzi akaweka *maiestas*, neno lililobeba haiba na utukufu. Sisi wafasiri twamwelewa: mamlaka ni jembamba, dola ni pana mno.

Ajabu ni kuwa mwishoni mwa 1576 Bodin huyohuyo alikuwa mjumbe wa raia wa kawaida katika baraza la Blois. Henri III alitaka fedha za kuwapiga Waprotestanti, na ruhusa ya kuuza ardhi ya taji. Bodin alipinga. Mwenye enzi hutunga sheria bila ya ridhaa, lakini mali ya raia haichukui bila ya ridhaa hiyo; na ardhi ya taji si yake, amekabidhiwa tu. Mfalme hakuipata ruhusa, na Bodin akapoteza upendeleo wake.