Kubadili Mafaili ya Video: Kutoka FLV hadi MP4

Faili la video lina mambo mawili ambayo wengi huyachanganya: kasha na kodeki. Kasha, linalotambulika kwa herufi za mwisho wa jina kama AVI, FLV au MP4, hubeba picha na sauti pamoja. Kodeki ni namna picha na sauti hizo zilivyobanwa ili zisichukue nafasi kubwa. Kifaa kisichojua mojawapo hakiwezi kulichezesha faili, na hapo ndipo kazi ya kubadili mafaili ilipozaliwa.

YouTube ilipoanza mwaka 2005 ilitumia FLV, kasha la Flash, kwa kuwa programu ya kulichezesha, Flash Player, ilikwisha kuenea kwenye kompyuta. Aliyepakua faili hilo alikwama nje ya kompyuta. iPod ya Oktoba 2005, ya kwanza kuonyesha video, ilipokea kodeki za H.264 na MPEG-4 tu. Simu nyingi za wakati huo zilitaka kasha la 3GP, mara nyingi lenye picha ya pikseli 176 kwa 144. Kabla video haijaingia kwenye memori kadi ya simu, ilibidi ibadilishwe, na kwenye kompyuta za wakati ule kazi hiyo iliweza kuchukua muda mrefu kuliko video yenyewe.

Mkombozi mkubwa alikuwa FFmpeg, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard. Huendeshwa kwa amri za maandishi, hivyo watumiaji wengi hawaijui kwa jina, ingawa programu nyingi za kubadili video zenye vitufe vya kubofya zimejengwa juu yake.

Kila video inapobanwa upya kwa kodeki za kawaida, sehemu ya ubora wake hupotea na hairudi. Hasara hiyo wakati mwingine haikuwa ya lazima. Ikiwa ndani ya FLV tayari mna picha za H.264 na sauti ya AAC, inatosha kuzihamishia kwenye kasha la MP4 bila kuzigusa. Kazi hiyo huisha kwa sekunde chache.

H.264, iliyoidhinishwa mwaka 2003, ikiwa ndani ya MP4, ndiyo iliyoshinda: simu, televisheni na vivinjari vikaipokea. Kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia Flash Player tarehe 31 Desemba 2020. Mafaili ya FLV yaliyobaki kwenye diski za zamani bado hufunguka kwa FFmpeg.