Kilatini na Riziki ya Mwalimu Kijana

Kiangazi cha mwaka 386, mjini Milan, mwalimu wa balagha mwenye umri wa miaka 31 alikuwa akihesabu siku. Kifua kilimbana, pumzi zilikuwa fupi, na sauti, ambayo ndiyo jembe la kazi yake, haikuweza tena kuhimili kutwa nzima ya kusoma kwa nguvu mbele ya vijana. Zilibaki siku kama 20 kufikia likizo ya mavuno ya zabibu. Akaamua kujikaza mpaka shule zifungwe, aondoke kimya kimya, asije akakatisha masomo na kuwapa watu la kusema. Huyo ni Agustino, ambaye vitabu vya teolojia vinamjua kama askofu wa Hippo. Mimi nitamshika kwa miaka yake ya kabla ya hapo, miaka kama 12 aliyohamahama mji hadi mji akiishi kwa kufundisha Kilatini.

Hoja yangu ni hii. Ufundishaji wa lugha ya Kilatini umezoea, tangu zamani hizo hadi leo, kuwaangukia watu wasio na kiti cha kudumu. Na jambo hilo haliishii katika ofisi za utumishi za vyuo. Linapenya hadi ndani ya sarufi, katika kile ambacho mwanafunzi anakijua na asichokijua mwaka unapokwisha.

Agustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, leo Souk Ahras nchini Algeria. Fedha za baba zilipokwama alikaa nyumbani mwaka mzima bila shule. Baadaye tajiri wa mji wao, Romanianus, akamfadhili. Alianza kufundisha kwao, akahamia Carthage, akakuta wanafunzi wakorofi wanaovamia madarasa yasiyo yao. Mwaka 383 akavuka bahari kwenda Roma, kwa kuwa aliambiwa vijana wa huko wana adabu. Adabu walikuwa nayo. Ila siku ya kulipa ada ikikaribia walikula njama, wakahamia kwa mwalimu mwingine wote kwa pamoja, na yule wa kwanza akabaki na madawati.

Mwaka uliofuata Milan ikaomba iletewe mwalimu wa balagha wa kulipwa na mji. Kazi ya kumtafuta alipewa Symmachus, mkuu wa mji wa Roma. Agustino akapitia kwa marafiki waliomjua mkuu huyo, akatoa hotuba ya majaribio, akapata. Rafiki wa kukutaja, mhadhara wa kupimwa, kisha safari ya kwenda kuanza upya mahali usipomjua mtu: msomi kijana anayeomba kazi Uingereza au Marekani leo hatashangazwa na hatua hata moja kati ya hizo. Hata hapo hakupumua. Katika maandishi yake anakiri kwamba Waitalia walikuwa bado wanakosoa matamshi yake. Mwafrika analipwa kuwafundisha wenye lugha ufasaha wa lugha yao, na wao wanamsahihisha sauti! Sijui kama kuna mhadhiri kutoka kwetu aliyefundisha ughaibuni ambaye hatatabasamu hapo.

Upande wa malipo tunao ushahidi wa aina nyingine. Amri ya bei ya Kaisari Diocletian ya mwaka 301 iliweka kikomo cha ujira wa kazi nyingi kwa dinari (neno tulilolipata kwa Waarabu, nao asili yake waliitoa kwa denarius ya Warumi). Mwalimu wa kusoma na kuandika hakutakiwa kuzidisha dinari 50 kwa mtoto kwa mwezi. Mwalimu wa sarufi 200. Wa balagha 250. Kibarua wa shambani alikuwa na dinari 25 kwa siku pamoja na chakula. Piga hesabu: kibarua akipata kazi siku 30 ana dinari 750, na ameshiba. Mwalimu wa watoto anahitaji wanafunzi 15, wote walipe, ndipo amfikie, na bado hajala. Mwalimu wa sarufi anamfikia kwa wanafunzi wanne. Lakini wote wawili wanahesabiwa vichwa. Vichwa vikipungua, nyumba inalala njaa. Ni kweli kwamba amri hiyo ilitaja viwango vya juu kabisa na haikudumu, kwa hiyo haituelezi kila mtu alipata nini. Inatueleza mizani ya watawala. Naona taaluma yetu imependa mno kuwatazama walimu kupitia Quintilian, mwalimu wa balagha aliyelipwa na hazina ya Kaisari Vespasian. Kiti kama chake hakikuwa cha kila mtu.

Tuje sasa kwenye darasa la leo. Katika vyuo vingi vya Uingereza na Marekani, wanafunzi wanaoanza Kilatini wakiwa chuoni wana vipindi vingi kwa wiki kuliko wenzao wanaosoma, tuseme, historia ya Roma. Kuna majaribio ya kila mara, kuna daftari za kusahihisha, kuna yule aliyekosa Jumatatu na sasa haelewi kitu. Vipindi hivyo mara nyingi hupewa aliyemaliza uzamivu juzi, kwa mkataba wa miezi tisa au kumi. Miezi inayobaki, ile ya kiangazi ambayo ndiyo pekee yenye nafasi ya utafiti, haina mshahara. Na bila makala zilizochapishwa hapati kazi ya kudumu. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hupewa jembe siku ya kwanza, wala haambiwi kama atakuwapo wakati wa mavuno.

Hasara ya hali hii hainishughulishi kwa upande wa mwalimu tu. Chukua jambo dogo sana, mpangilio wa uhusika katika jedwali la nomino. Kitabu cha Kennedy, kilichotoka Uingereza mwaka 1866, kiliwazoesha Waingereza kuweka uhusika wa yambwa karibu na wa kiima. Wheelock, kitabu cha Kimarekani cha mwaka 1956, kinapeleka wa umilikaji nafasi ya pili. Mwalimu aliyekariri kwa wimbo mmoja akihamia upande wa pili wa Atlantiki, ulimi unateleza mbele ya darasa. Jambo kubwa zaidi ni mwendo wa masomo. Wheelock anatoa kanuni kwanza na sentensi baadaye; mfululizo wa Cambridge, ulioanza mwaka 1970, unamtia mwanafunzi moja kwa moja katika hadithi za nyumba moja ya Pompeii; Ørberg, Mdenmaki, ameandika kitabu kizima kwa Kilatini kitupu. Njia zote tatu zinafika. Asiyefika ni mwanafunzi anayebadilishiwa mwalimu na kitabu katikati ya safari, akajifunza mara mbili alichokwisha kukijua na kurukwa na asichokijua.

Tena kuna ujuzi ambao hauji mpaka mwaka wa pili au wa tatu wa kukaa mahali pamoja: kujua wanafunzi wanatoka na lugha gani. Mwanafunzi anayezungumza Kiswahili hahitaji kushawishiwa kwamba kitenzi kinaweza kubeba nafsi na wakati ndani yake. Amabimus, tutapenda: neno kwa neno, ingawa Kilatini kinaweka nafsi mwishoni na sisi tunaiweka mbele. Upatanisho wa kivumishi na nomino ameunyonya kwa mama. Hata mensa, nomino iliyoliza vizazi vya watoto wa Kiingereza (Churchill alipokuwa mtu mzima bado alilalamika kwamba alifundishwa namna ya kuiita meza kana kwamba ingemwitikia), ndiyo meza yetu, iliyopita kwa Wareno. Mwalimu mpita njia hana muda wa kugundua kwamba ana hazina kama hiyo kwenye dawati la nyuma.

Watetezi wa mfumo husema huu ni uanagenzi, na kila fundi alianza kwa kubeba zana za mwenzake. Ningeikubali hoja hiyo kama mwanagenzi angekuwa na fundi mmoja anayemtazama na mwisho unaojulikana. Mkataba wa miezi kumi unaofuatwa na mwingine, katika mji mwingine, hauna fundi wala mwisho. Kwa kiwango cha chini kabisa, mkataba wa anayefundisha wanaoanza ungepaswa kulingana na urefu wa somo lenyewe, yaani miaka miwili, pamoja na viangazi vyake.

Anaweza kuja msomaji akaniambia kwamba Agustino ni mfano mbovu, kwa sababu aliacha kazi kwa ajili ya Mungu, si kwa uchovu. Likizo ya zabibu ilipokwisha aliwaarifu watu wa Milan watafute mtu mwingine wa kuwauzia wanafunzi wao maneno, na sababu aliyoitanguliza ilikuwa kweli kumtumikia Mungu. Ya pili ilikuwa kifua.