Meli za doria za aina ya Castle

Castle ilikuwa aina ya meli za doria za Jeshi la Majini la Uingereza. Ziliundwa mbili tu, HMS Leeds Castle na HMS Dumbarton Castle, katika kiwanda cha Hall Russell mjini Aberdeen, Uskoti, na zilianza kazi mwaka 1981 na 1982.

Miaka ya 1970 Uingereza ilihitaji kulinda visima vya mafuta vya Bahari ya Kaskazini pamoja na eneo lake la uvuvi, lililopanuliwa hadi maili 200 za baharini mwaka 1977. Ili kuokoa fedha na muda, ziliundwa kwanza meli saba za aina ya Island, kwa kufuata mchoro wa Jura, meli ya kulinda uvuvi ya Uskoti. Zilikuwa imara na za bei nafuu, lakini zilikuwa na urefu wa takriban mita 60 tu na mwendo wa noti 16 hivi, na ziliyumba mno bahari ilipochafuka. Doria haina maana kama mabaharia wamelemewa na kichefuchefu au mashua ya ukaguzi haiwezi kuteremshwa.

Katika Castle, msanifu David K. Brown alitumia urefu wa mita 81. Meli fupi hufuata kila wimbi: omo hupanda, kisha huanguka na kuyagonga maji kwa kishindo, hata nahodha hulazimika kupunguza mwendo. Meli ndefu hutulia zaidi. Kurefusha si ghali kama inavyodhaniwa, kwa kuwa chuma cha bodi ni sehemu ndogo ya bei. Fedha nyingi huliwa na injini, silaha na mitambo ya elektroniki. Hata hivyo urefu hauzuii kuyumba ubavu kwa ubavu, jambo linalotegemea zaidi upana, mpangilio wa uzito na mapezi ya pembeni.

Gharama zilibanwa kwingine. Castle ilikuwa na uwanja wa kutua helikopta kubwa, lakini haikuwa na banda la kuihifadhi, na silaha zake zilikuwa chache.

Meli zote mbili zilitumika katika Vita vya Falkland mwaka 1982, na mwaka 2010 ziliuzwa kwa Bangladesh. Meli za aina ya River, zilizochukua nafasi ya Island, zina urefu wa karibu mita 80.