Ugonjwa wa vikope: Kongwa ilivyoonyesha umuhimu wa kumnawisha mtoto uso

Trakoma, ambayo wengi huiita ugonjwa wa vikope, ni maambukizi ya macho yanayoweza kumpofusha mtu kabisa. Wilaya ya Kongwa mkoani Dodoma ni kati ya maeneo ya Tanzania ambako ugonjwa huu umechunguzwa kwa miaka mingi.

Unaeneaje?

Chanzo ni bakteria wa jamii ya klamidia. Hupita kwenye mikono, kwenye kanga moja inayofuta nyuso za watoto wengi, na kwa nzi. Nzi hao huzaliana kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi, kisha hufuata tongotongo na kamasi usoni mwa mtoto.

Upofu unakujaje?

Polepole. Mtoto huugua, hupona, huugua tena. Miaka ikipita, makovu hujengeka ndani ya kope la juu. Ukubwani kope hujikunja kwa ndani, na nywele zake husugua kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Wanawake huathirika zaidi kwa kuwa ndio wanaoshinda na watoto.

Kongwa ilifundisha nini?

Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulihusisha vijiji 6 vya Kongwa. Vyote vilipewa dawa ya macho ya kupaka, tetrasaiklini. Vitatu viliongezewa kampeni ya kuwanawisha watoto uso. Huko nyuso safi ziliongezeka, na trakoma kali ikapungua kuliko kwenye vijiji vilivyopewa dawa peke yake. Kwenye nchi kavu kama ile, maji ni shida kweli, lakini uso wa mtoto hauhitaji ndoo nzima. Kikombe kinatosha.

Kope likiwasha, ni trakoma?

Si lazima. Kuna utitiri wadogo wasioonekana kwa macho, demodeksi, wanaoishi kwenye mashina ya nywele za kope. Wakizidi, kope huwasha, huwa jekundu na kuota magamba. Hao si chanzo cha trakoma. Anayetofautisha ni mtaalamu wa macho.

Cha kufanya

Mnawishe mtoto uso kila siku, tumieni choo, na mkimeze dawa ya azithromaisini inapogawiwa kijijini. Aliyeanza kuchomwa na nywele za kope asiishie kuzing'oa kwa kibano, maana zitaota tena. Aende kituo cha afya mapema: upasuaji mdogo hugeuza kope litazame nje, ila haurudishi nuru iliyokwisha kupotea.