Timu Bila Mpinzani: Hoki ya Barafu Kenya Inatufunza Nini Huku Kitale na Bungoma

Wasee, leo tuongee hoki. Na sianzi na ile ya nyasi mnayoijua. Naanza na ya barafu, kwa nchi ambayo sisi watu wa Kitale na Bungoma barafu tunaiona tu siku ya mvua ya mawe, ikipasua majani ya mahindi halafu inayeyuka kabla hujamaliza kulalamika.

Timu iko, na jina lake ni Kenya Ice Lions. Chanzo chake ni kiwanja cha barafu kilichofunguliwa mwaka 2005 ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, Nairobi. Ni kidogo kuliko viwanja vya kimataifa, ambavyo urefu wake hufika mita 60. Mwanzoni waliocheza hoki pale walikuwa hasa wageni waliokuja Nairobi kikazi. Baadaye wakaingia vijana wetu, wengi wakitokea kwa mchezo wa kuteleza na viatu vya magurudumu kwenye lami. Mmoja wao, Benard Azegere, akawa nahodha.

Sasa angalia msimu wao. Timu ya ligi kuu ya Amerika Kaskazini, NHL, imezoea mechi zaidi ya 80 kabla hata ya mchujo. Ice Lions? Wapinzani sufuri. Walikuwa timu pekee nchini, kwa hivyo walijigawa mara mbili wakacheza wao kwa wao, wiki baada ya wiki.

Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Tim Hortons ikawapeleka Canada, wakakutana na timu nyingine kwa mara ya kwanza. Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, mastaa wakubwa kabisa, wakavaa jezi ya Kenya wakacheza upande wao. Video ikazunguka dunia. Kisha wakarudi nyumbani, kwa kiwanja kilekile kidogo. Hawakuacha. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kama mwanachama wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu, IIHF.

Utauliza, hiyo inatuhusu nini? Inatuhusu sana, kwa sababu huku ndiko kwenye watoto wa hoki. Kitale kuna St. Anthony's. Bungoma kuna Friends School Kamusinga. Hizo mbili zikikutana kwa mashindano ya shule, hakuna anayekaa kimya. Talanta haijawahi kuwa shida yetu.

Shida ni mahali pa kuchezea, na hii si stori ya jana. Hoki ya nyasi ya Kenya iliwahi kutisha. Olimpiki ya Tokyo 1964, tulimaliza nafasi ya 6. Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, nafasi ya 4. Avtar Singh Sohal alicheza Olimpiki nne, kuanzia 1960 hadi 1972. Halafu ikaja Montreal 1976, hoki ya Olimpiki ikachezwa kwa nyasi bandia kwa mara ya kwanza. Kenya haikuwa huko. Nchi nyingi za Afrika zilisusia kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi. Uamuzi ulikuwa wa haki, lakini mchezo ukahamia kwa uwanja ghali, na nchi zenye pesa zikakimbia mbele. Olimpiki yetu ya mwisho kwa hoki ni Seoul 1988.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: historia ya hoki ni historia ya uwanja. Kiwanja kimoja tu cha barafu, tena kidogo, kilizaa timu ya taifa. Je, kiwanja kimoja cha nyasi bandia, kilicho wazi kwa umma kati ya Kitale na Bungoma, kingezaa nini kwa watoto ambao tayari wanajua kushika fimbo? Saa hii ukimaliza Form Four na bado unataka hoki ya juu, unaangalia Nairobi, karibu kilomita 380 kutoka Kitale. Wengi fimbo inabaki nyuma ya mlango.

Barafu siombi. Naomba uwanja. Mgombea akija kwako na fulana na ahadi za stediamu, muulize hilo moja kwanza: hoki itachezwa wapi?