Diwali katika mwaka wa biashara

Diwali ni sikukuu ya Kihindu inayoangukia usiku wa giza la mwisho wa mwezi mwandamo, kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba. Nchini India, hasa Gujarat na Rajasthan, msimu wake ndio unaopanga mwaka wa mfanyabiashara: mauzo, bonasi, madeni na safari za mizigo. Kalenda yake hufuata mwezi, na kila baada ya miaka mitatu hivi huongezwa mwezi wa ziada, kwa hiyo tarehe huhama. Mwaka 2023 Diwali ilikuwa 12 Novemba. Mwaka 2025 ilikuwa 20 Oktoba. Anayelinganisha mauzo ya Oktoba ya miaka hiyo miwili bila kuliangalia hilo atajidanganya.

Kabla ya msimu soko hupoa. Katika Pitru Paksha, takriban nusu mwezi ya kuwakumbuka wazee waliotangulia, Wahindu wengi huahirisha kununua dhahabu, gari au nyumba. Siku hizo zikiisha huingia Navaratri, sherehe ya usiku tisa, na pesa zilizofungiwa huanza kutoka. Dhahabu hununuliwa zaidi siku ya Dhanteras, siku mbili hivi kabla ya Diwali. Mwenye kipato kidogo hununua walau sufuria mpya.

Wengi huitazama Diwali kama msimu wa kuuza tu. Ndani ya kampuni, mzigo mzito uko kwenye fedha taslimu na wafanyakazi. Sheria ya bonasi ya mwaka 1965, baada ya kurekebishwa, iliweka kiwango cha chini cha asilimia 8.33 ya mshahara wa mwaka, yaani karibu mshahara wa mwezi mmoja, kilipwe ndani ya miezi minane baada ya hesabu kufungwa. Hesabu zikifungwa 31 Machi, ukomo ni mwisho wa Novemba, na desturi imeyasogeza malipo hayo yawahi sikukuu. Mwajiri hulipa bonasi wakati uleule anaponunua bidhaa za msimu na wauzaji wake wanapodai chao. Asiyeweka akiba mapema hukopa kwa riba, na anayechelewesha bonasi huwanyima watu jasho lao katika wiki wanayoihitaji kuliko zote.

Kisha watu huondoka. Viwanda vya nguo na vya kukata almasi vya mji wa Surat, Gujarat, hufungwa kwa wiki kadhaa, mafundi wakirudi vijijini. Vibarua wa jimbo la Bihar hukaa makwao hadi sikukuu ya Chhath, siku ya sita baada ya Diwali, na kazi za ujenzi katika miji ya mbali hulegea.

Kwa Wagujarati, siku inayofuata Diwali kwa kawaida huanza mwaka mpya. Ndiyo maana jioni ya Diwali hufanyika Chopda Pujan: madaftari mapya ya hesabu yenye jalada jekundu huombewa mbele ya miungu Lakshmi na Ganesh, na siku hizi kompyuta huwekwa kando yake. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, kabla ya serikali kuwalazimisha walipa kodi wote kufunga hesabu 31 Machi, wafanyabiashara wengi walifunga mwaka wa kodi siku ya Diwali. Soko la hisa la Bombay limekuwa likifungua kila Diwali kwa saa moja ya heri, iitwayo Muhurat, tangu mwaka 1957. Maduka mengi ya Gujarat hufunguliwa rasmi siku ya Labh Pancham, siku ya tano ya mwaka mpya.

Desturi hizi zilivuka bahari pamoja na wafanyabiashara wa Kutch na Kathiawar, maeneo ya Gujarat, na familia za Kihindu zenye maduka Mombasa na Dar es Salaam bado huombea madaftari yao. Afrika Mashariki huguswa pia kwa njia ya bandari, kwa kuwa kanga nyingi huchapwa India, katika miji kama Jetpur. Mwenye duka anayetaka mzigo wa Desemba aangalie kalenda ya mwaka husika, aagize kabla ya Navaratri, na amuulize muuzaji wake tarehe kiwanda kitakapofungwa na kitakapofunguliwa.