Bungu na Historia ya Kudunduliza

Nimeripoti semina nyingi za fedha. Karibu zote, kabla ya chai ya saa nne, mtoa mada huwa ameshasema kwamba Mtanzania wa kijijini hana utamaduni wa kuweka akiba. Watu wanaitikia, vitafunwa vinaletwa, mada inaendelea. Mie upande wa mama ni wa Bungu, milimani wilayani Korogwe, na nikisikia maneno hayo namfikiria bibi, ambaye hakuwahi kuwa na kitabu cha benki wala kulala bila akiba. Kwamba watu wa kule waliweka, hilo kwangu halina mjadala. La kuuliza ni waliweka nini, na kwa nini mara nyingi hawakupenda kuweka fedha yenyewe.

Tuanze na neno hela, tunalolitamka kila siku kama la kwetu tangu Adamu. Ni Heller ya Mjerumani. Hadi 1904 rupia ya koloni ilikuwa na pesa 64. Mwaka huo wakabadilisha, rupia ikawa heller 100. Baadhi ya sarafu zake zilikuwa na tundu katikati, unazitunga kwenye uzi kama shanga. Serikali ile ilikufa zamani, sarafu zake ziko makumbusho, neno limebaki mdomoni mwetu.

Hela hiyo haikupanda milima ya Usambara kwa hiari. Mwaka 1897 ilitangazwa kodi ya nyumba, na vijijini ilikuwa rupia 3. Katani ilikuwa imeletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf (miche 62 tu ndiyo iliyosalimika safarini, na kutokana nayo yakaja mashamba yote yale ya Tanga), na reli kutoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902. Walowezi wakataka vibarua, serikali ikataka kodi, kikazaliwa kipande: kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, na mshahara mpaka uzimalize. Ukiumwa siku ya 20, utasubiri. Naamini hapo ndipo kaya nyingi zilipojifunza kutenga sarafu, na aliyekuwa anatengewa ni mtu wa kodi. Mtoto mwenye kuhitaji shuka alikuja baadaye.

Kisha vita. Meli za Waingereza zikaziba bahari, sarafu za Ulaya hazifiki, Wajerumani wakaanza kuchapa noti za muda humuhumu nchini. Huko Tabora wakafua sarafu za shaba, nyingine kwa maganda ya risasi. Juni 1916 majeshi ya Waingereza yakafika Korogwe. Sasa mchukulie mtu aliyefanya kazi siku zake 30, akalipwa kwa noti ile, akaikunja vizuri akaifukia chini ya jiko kama mtu mwenye akili. Serikali iliyoitoa imeondoka na ahadi yake. Anazo karatasi. Ikaja rupia ya Kihindi, ikapita florini kwa muda mfupi mno, na mwaka 1921 ikaanza shilingi ya Afrika Mashariki. Mtu aliyeanza vibarua akiwa kijana alishika aina nne au tano za fedha kabla hajaota mvi.

Shilingi ilitulia, hilo tuseme. Akiba ya Posta ilikuwapo tangu wakati wa Mwingereza, Benki Kuu yetu ikafunguliwa Juni 1966, na Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, benki zikataifishwa tukapata NBC. Ila ukiwa Bungu, benki ni mjini Korogwe, nauli ya kwenda na kurudi inatoka kwenye hicho hicho unachokwenda kuweka. Halafu ikaja miaka ya themanini. Mwaka 1985 dola ilikuwa kama shilingi 17. Mwisho wa 1986 ilivuka 50. Kufikia 1995 ilishapita 500. Aliyejaza kibubu cha kulipia mabati kumi alikivunja akakuta anaweza kununua mawili. Hakuna aliyemwibia. Kibubu chenyewe jina lake limetokana na bubu, kitu kisichosema, na kweli hakikumwambia kitu.

Ndiyo maana bibi hakukiamini. Akiuza ndizi au maharage, hela ilikaa kwenye pindo la kanga siku mbili tatu, isizoee. Ya wiki nzuri ilikuwa bati moja, linaegemezwa ukutani nyuma ya kitanda, mwakani lingine, mpaka yanatosha paa. Iliki ilikaushwa ikawekwa ikingoja bei. Mbuzi jike alipelekwa kwa ndugu akafugwe kule, wakizaa wanagawana, na mbuzi aliye kwa mwenzio hana wa kumwomba akiwa na njaa ya Jumanne. Unga wa kila siku ulipopimwa, kiganja kimoja kilirudi ndani ya debe. Huko ndiko kudunduliza, na lile neno lina sauti ya kazi yenyewe: kidogo, kidogo, tena.

Zaidi ya yote kulikuwa na upatu. Wanawake kumi, kila mmoja anatoa kiasi kile kile, leo anapokea huyu, kesho yule. Fedha haikai hata usiku mmoja mahali pamoja. Inaniuma kwamba mwaka 2009, DECI ilipowatia watu hasara kubwa kwa ule mchezo wa kupanda mbegu, magazeti yetu na mahakama vikauita upatu. Jina la shughuli ya kina mama wanaojuana kwa ukoo likabandikwa kwenye piramidi ya watu wasiojuana kabisa.

Vikundi vya siku hizi, Vicoba na ndugu zake, vina mchango wa mbali: mwaka 1991 shirika la CARE lilianzisha vikundi vya wanawake huko Maradi, Niger, na mtindo huo ukaenea mpaka kwetu. Sanduku lina kufuli tatu, funguo zinashikwa na watu watatu, hisa zinagongwa muhuri kwenye kijitabu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imevitambua na inataka visajiliwe, jambo jema, ingawa fomu ni nyingi kuliko hisa. Wataalamu wengine wanasikitika kwamba kila mwisho wa mzunguko watu huvunja kikundi na kugawana chote, badala ya kuacha mtaji ukue. Mama mmoja wa kikundi kule Bungu nilimuuliza kwa nini hawaachi walau nusu. Akacheka, akasema, "Mwanangu, ikae humo imngoje nani?" Sanduku lilikuwa mezani, limefunguliwa kufuli zote tatu, na nje kijana wa bodaboda alikuwa ameshafunga bati nane nyuma ya pikipiki.